Tusiilaumu Bahari

Wenzangu, kila likizo nikifika kwetu Malindi nawasikia wavuvi wakilalamika ati bahari inaharibu rili. Mimi nakataa katakata! Agosti iliyopita mjomba alinasa nguru mkubwa, sehemu ya karo yangu hiyo. Mara rili ikakwama, mshipi ukakatika. Kuifungua, gololi za beringi zimeshikwa na kutu, chumvi imegandia humo. Yeye hupaka grisi juu ya uchafu, basi! Rili ioshwe jioni ileile kwa maji ya mfereji, taratibu, maanake maji ya kasi husukuma chumvi ndani. Beringi zisafishwe kwa mafuta ya taa, zikauke, kisha tone moja tu la mafuta ya cherehani. Nilipomweleza mjomba, alininunia siku mbili.