Kifaranga Aliye Dhaifu

Kuku wenu amekwisha kutotoa. Vifaranga tisa wanamfuata mama yao, na wa kumi amebaki kiotani, amelala ubavu, amefumba macho. Wengi husema, “Huyo amekwisha kufa,” wakamtupa nyuma ya nyumba. Wengine, kwa huruma, hufanya vibaya zaidi: humfungua mdomo na kumjaza uji. Hao wote wamempoteza kuku ambaye baada ya miezi sita au saba angaliweza kutaga, au kuuzwa sokoni na kumnunulia mtoto madaftari ya shule.

Yafaa kwanza tujue ni nini kinachomwua. Kwa kawaida si njaa. Kabla ya kutoka katika ganda, kifaranga huingiza tumboni mwake kiini cha yai kilichosalia, nacho humlisha kwa siku mbili, hata tatu. Adui wake ni baridi. Hana bado manyoya ya kweli, wala hawezi kulinda joto la mwili wake mpaka amalize majuma matatu au manne. Siku za kwanza ahitaji joto la nyuzi 35 hivi, ambalo hulipata chini ya mama yake. Basi fikirini usiku wa Bukavu, mji ulioinuka kadiri ya meta 1,500 juu ya bahari, mvua ikinyesha na sakafu ya udongo ikiwa na unyevu! Aliyeshindwa kujikokota mpaka chini ya mabawa hafiki asubuhi.

Kwa hiyo joto kwanza, chakula baadaye. Mpanguseni taratibu, mkamweke katika kikapu kidogo chenye kitambaa kikavu. Jazeni chupa maji ya moto, izungushieni nguo, mkailaze kando yake; ikipoa, badilisheni maji, hata usiku. Msiweke kikapu karibu na mbabula katika chumba kilichofungwa. Hewa ya makaa haina harufu, nayo huua kifaranga na mtoto alalaye humo pia. Mbabula ikae nje, kazi yake ni kuchemsha maji tu. Kifaranga mwenyewe atawaambia hali yake: akilia kwa nguvu na kuisonga chupa, aona baridi, akihema mdomo wazi na kujitenga nayo, joto limezidi, akinyamaza na kulala kwa raha, mwacheni.

Akisha kupata moto na kuinua kichwa, mpeni maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo sana. Chovyeni kidole, wekeni tone moja kando ya mdomo, naye atameza mwenyewe. Msimmiminie kooni, maana maji yataingia mapafuni. Baadaye ndipo mlete kiini cha yai lililochemshwa, kilichopondwa vizuri, au mahindi yaliyosagwa.

Pengine ugonjwa ni wa miguu: imetanuka huku na huku, hawezi kusimama. Hayo hutokea mara nyingi mahali panapoteleza, kwa hiyo msimlaze juu ya karatasi laini (hata gazeti hili halifai kazi hiyo). Ifungeni miguu kwa uzi laini wa sufu, ikiachana kwa nafasi yake ya kawaida, kwa siku tatu au nne. Na kama mavi yamekauka na kumziba nyuma, lainisheni kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Msiyabandue kwa nguvu.

Akipata nguvu, mrudisheni kwa mama yake gizani, asimtambue kuwa mgeni. Asubuhi na mapema mtazame: kuku akimdonoa, mtoeni tena pamoja na ndugu yake mmoja, maana kifaranga aliye peke yake hulia tu wala hali.

Tuseme kweli, si wote waponao. Yule ambaye tumbo limevimba, kitovu kibichi chenye kunuka, ugonjwa umekwisha kumwingia. Mtengeni na wenzake, mkakichome kitambaa chake. Na wakidhoofika wengi pamoja, kikapu hakitoshi: mwiteni mganga wa mifugo. Ugonjwa wa kitovu mara nyingi hutoka katika uchafu wa kiota, kwa hiyo badilisheni majani yote kabla kuku hajaanza kuatamia tena.