Fundi wa mawe asikae bure chini ya bashi

Mtu wa Mudzipela anayefika Nairobi kwa biashara atenge saa moja akatazame hekalu la Wahindi la Swaminarayan, lililofunguliwa mwaka 1999. Mawe yake yalichongwa India, kipande kwa kipande, yakavuka bahari, yakapangwa Nairobi. Nguzo na maua, yote ni mawe.

Ufundi huo si wa jana. Hekalu la Thanjavur, kusini mwa India, lilimalizika mwaka 1010: mnara wa mita 60 hivi, mawe magumu yamekaliana bila simenti. Mafundi walisogeza kila safu ya mawe ndani kidogo kuliko ile ya chini, mpaka pande zote zikakutana juu. Uzito wa jiwe ndio ulioshika jiwe.

Lakini wasikilizaji waliokimbia vijiji vya Djugu na Irumu watashikwa zaidi na habari ya Somnath, magharibi mwa India. Hekalu hilo liliporwa na kubomolewa na jeshi la Mahmud wa Ghazni mwaka 1026, likajengwa, likabomolewa tena, wala si mara moja. Lilipokuja kusimamishwa upya, karibu mwaka 1950, kazi ya kulichora ilipewa Prabhashankar Sompura. Hao Sompura ni jamii ya mafundi wa mawe. Baba humfundisha mtoto, mtoto akamfundisha mjukuu. Kuta zilikuwa chini, lakini vipimo vilikuwa bado kwa watu.

Sasa turudi Bunia. Bashi, unga na mafuta ni lazima, hakuna anayebisha. Ila katika foleni za wakimbizi wa ndani wamo wazee waliojenga shule na makanisa kwa mikono yao, na wamo vijana wanaovunja mawe kutwa ili wauze kokoto. Wanalala hatua chache kati yao, na nani anawakutanisha?

Wenye miradi ya amani wanapenda semina ya siku mbili, yenye fanta na mkate. Afadhali pesa hiyo inunue nyundo, patasi na timazi, na imlipe mzee mmoja afundishe vijana sita kwa miezi sita. Wazee hao wakifia kambini, siku ya kurudi vijijini kuta za shule zitasimamishwa na nani? Itaitwa kampuni ya mbali, na vijana wa kijiji watabebeshwa maji.