Kipokezi cha Meli Kikidanganywa, Nani Atamwambia Nahodha?

Kiwango cha vipokezi vya GPS melini kilichopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, mwaka 2000 kinadai mambo mengi, na mawili yanawagusa mabaharia kila zamu. Kipokezi kionyeshe mahali meli ilipo bila kukosea zaidi ya mita 13 katika asilimia 95 ya vipimo, na kitoe tahadhari mara kinaposhindwa kupata kipimo kipya. Hili la pili ndilo lenye uzito zaidi, na naona limeishia njiani. Kipokezi kinalazimika kusema kimepotewa na ishara, lakini kiwango hicho hakikilazimishi kushuku ishara ya uongo.

Sharti la tahadhari lina historia. Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty iling'oa nanga Bermuda kwenda Boston ikiwa na watu 1,509. Haikutimia saa moja, waya wa antena ya GPS ukachomoka. Kipokezi kililia kwa kiasi cha sekunde moja tu, kikaandika kwa herufi ndogo kwamba sasa kinakisia kwa kufuata mwendo na mwelekeo, kisha kikaendelea kutoa latitudo na longitudo bila kusita. Makisio hayo hayakujua lolote kuhusu upepo na mkondo uliokuwa ukiisukuma meli pembeni. Kinachoniuma zaidi ni hiki: kipokezi kilikuwa kikituma alama ya kwamba data zake si halali, ila mtambo wa usukani wa kujiendesha haukuundwa kuisoma alama hiyo. Baada ya saa 34 hivi meli ilipwelewa kwenye fungu mashariki ya kisiwa cha Nantucket, maili 17 nje ya njia yake.

Maafisa wa zamu walilaumiwa, na kwa haki. Walikuwa na Loran-C, mfumo wa redio wa nchi kavu, wasilinganishe nayo; king'ora cha kipima kina kilikuwa kimewekwa kwenye sifuri. Hata hivyo uchunguzi wa Marekani haukuishia kwa watu. Ulihoji vifaa vyenyewe, na kiwango cha mwaka 2000 kinadai kipokezi kilichopotewa kionyeshe hali hiyo waziwazi, pasibaki utata.

Ishara ya uongo ni tatizo la namna nyingine, maana haiachi pengo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, wakiongozwa na Todd Humphreys na kwa idhini ya wenye chombo, waliipotosha boti ya kifahari White Rose of Drachs katika Mediterania kwa kuirushia ishara bandia zenye nguvu zaidi kidogo kuliko za kweli. Boti iligeuka, na hakuna king'ora kilicholia. Miaka minne baadaye meli kadhaa karibu na Novorossiysk, Bahari Nyeusi, zilijikuta vifaa vikizionyesha ziko uwanja wa ndege. Mwezi Machi 2025 IMO, pamoja na mashirika ya kimataifa ya usafiri wa anga na ya mawasiliano, ilitoa tamko la wasiwasi mkubwa kuhusu uvurugaji huu. Miezi miwili haikupita, meli ya makontena MSC Antonia ikakwama karibu na Jeddah huku GPS ikishukiwa kuvurugwa. Bahari ya Shamu ni njia ya shehena nyingi zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam.

Wapo wanaosema dawa ni kipokezi kinachosikiliza mifumo mingi, na IMO ina kiwango chake tangu 2015. Ni hatua nzuri, lakini SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, bado unaridhika na kipokezi cha mfumo mmoja. Isitoshe GPS na Galileo, mfumo wa Ulaya, hutumia masafa yaleyale, megahezi 1575.42, kwa hiyo kelele moja huziba masikio yote mawili. Wengine wanahofia ving'ora: maafisa wamezidiwa navyo tayari, na king'ora kinacholia ovyo huzimwa. Hofu hiyo naiheshimu. Ndiyo maana ningetaka kipokezi kilazimishwe kwanza kujilinganisha chenyewe na dira, kipima mwendo na rada, kisha kilie pale tu hesabu zinapopingana, na alama yake ya shaka isomwe na ramani ya kielektroniki, usukani na AIS, mtambo unaotangaza mahali meli ilipo, kwani vyote hivyo hula kutoka chungu kimoja.

Kwa vyombo vidogo SOLAS inaziachia serikali uamuzi, ikiwa ni pamoja na vyombo vya uvuvi na vya chini ya tani 150. Kwa hiyo mamlaka za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hazina haja ya kuingojea IMO ili kudai kipokezi kinachokiri shaka katika boti za abiria.

Kwa meli kubwa, kipengele kitakachobishaniwa ni tarehe ya sharti kama hilo kuanza. Kiwango cha 2000 kiligusa vifaa vilivyofungwa kuanzia Julai 2003, vya zamani vikaachwa. Meli huweza kutumika miaka 25, nao wenye meli watataka msamaha uleule tena. Wasipewe: kipokezi ni kifaa kinachobadilishwa meli ikiwa bandarini, na muda wa kufanya hivyo uishie kwenye ukaguzi unaofuata wa cheti chake cha usalama.