Swichi janja ya taa haifai kwa panga boi

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu swichi janja za feni kuna jambo umelipita haraka mno, nalo ndilo linalounguza mota. Swichi janja ya kupunguza mwanga wa taa isifungwe kabisa kwenye panga boi. Hukatakata umeme unaopita. Taa huvumilia, lakini mota huunguruma, hupata joto na mwishowe huungua. Nunueni iliyoandikwa wazi kuwa ni ya feni, yenye kapasita za kubadili spidi, na ile regyuleta ya zamani iondolewe ukutani. Viwili hivyo havikai kwenye laini moja.

Linalonitia hofu zaidi ni nyutro, waya wa kurudisha umeme ambao swichi janja nyingi huuhitaji. Fungua boksi la swichi katika nyumba zetu nyingi hapa Dar, utakuta nyaya mbili tu: waya wa moto unaoingia na ule unaopanda kwenye feni. Nyutro imeishia huko juu. Basi fundi mwenye haraka huchukua waya wa ethi akauchomeka mahali pa nyutro, na swichi inawaka bila shida yoyote! Siku ethi ikikatika, chuma chochote kilichounganishwa nayo kinaweza kuwa na umeme wa volti 230, na mtoto akakigusa. Hilo si la kuvumiliwa hata kidogo. Vuteni nyutro mpya, hata kama ukuta utachimbwa.

Jamani, zimeni mein swichi, pimeni kwa testa, na mwulizeni fundi leseni yake ya EWURA kabla hajapanda ngazi.