Uyoga wa Bibi Haukuhama Nasi



Miaka miwili iliyopita niliandika hapa habari za marehemu bibi yangu wa Tabora na uyoga aliotupikia majira ya mvua. Niliusifu uyoga mweupe uchipuao kama yai, ukapasua ngozi yake na kuinuka, ukiacha mfuko chini ya shina. Niliandika kwamba mfuko huo ndio alama: ukiuona, chuma. Wengi mliniandikia kwa furaha. Leo naisahihisha makala ile, kwa kuwa nusura imuue mjukuu wangu.

Mwezi wa Oktoba uliopita binti huyo alinijia hapa Southampton na mfuko wa karatasi. "Babu, nimekuletea uyoga wa bibi." Alikuwa ameuchuma chini ya mialoni, katika bustani ya mtaani. Nikauona: kofia ya kijani hafifu inayoelekea manjano, pete shinani, na chini kabisa mfuko mweupe, kama nilivyoandika. Nakiri kwamba moyo wangu ulifurahi. Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Nani aliyekuonyesha?" Binti akajibu, "Babu, kwenye makala yake."

Tuliupeleka kwa mzee mmoja jirani, Mwingereza, aliyeutumia umri wake kuchunguza uyoga wa nchi hii. Aliutambua kabla hajaugusa. Jina lake la kitaalamu ni Amanita phalloides, na Waingereza huuita kofia ya mauti. Nusu ya kofia moja yaweza kumuua mtu mzima. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Mlaji hahisi kitu kwa saa sita, kumi na mbili au hata zaidi. Kisha hutapika na kuharisha, halafu hupata nafuu akadhani amepona, kumbe ini lake linaangamia.

Je, bibi alikosea? Hasha. Katika misitu ya miombo, ambayo Tabora imo ndani yake, watu hula uyoga mweupe wa ukoo huo huo wa Amanita, wenye pete na mfuko. Kule mfuko ni alama ya kitoweo. Huku ni alama ya mauti. Alama ni moja, ardhi ni mbili.

Wala si sisi peke yetu tuliopatwa na jambo hili. Mwaka 2015, huko Hannover, Ujerumani, hospitali zilipokea wakimbizi, wengi wao kutoka Syria, waliokula uyoga huu kwa kuufananisha na ule waliouzoea kwao. Chuo cha tiba cha mji huo kililazimika kutoa matangazo ya onyo kwa lugha kadhaa, Kiarabu kikiwemo. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na elimu, ila elimu hiyo ilikuwa ya nchi nyingine.

Baadhi ya jamaa wameniambia, "Mbona wazee walikula na wakaishi?" Wengine wametaja kanuni tulizozisikia utotoni: kwamba kijiko cha fedha hugeuka cheusi kikikutana na sumu, au kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama. Kanuni hizo si za kweli. Konokono huila kofia ya mauti wasidhurike, na fedha haiitambui sumu yake. Kuhusu programu za simu zinazotaja jina kwa kutazama picha, sitaikabidhi roho ya mtoto wangu kwa picha.

Wazee waliishi kwa sababu nyingine. Tuliosoma chuoni tunajua kwamba habari haipokewi kwa uzuri wa maneno yake. Huulizwa isnadi yake, nani kaipokea kwa nani. Bibi hakula uyoga kwa alama moja. Alijua ni chini ya mti gani, katika mwezi gani, baada ya mvua ipi. Na kila alilolijua alionyeshwa kwa mkono na mama yake, naye na mama yake, wanawake wa Kinyamwezi walioizaa nusu ya ukoo huu. Mimi niliyachukua maarifa ya umri mzima nikayafanya sentensi moja, nikaikata isnadi. Kosa ni langu, si la bibi.

Na hapa nina la kusema kwetu sote tunaoandika urithi. Shajara zetu zinawataja wanaume mpaka Oman, jina kwa jina. Wanawake waliotufundisha cha kula na cha kuacha hawamo. Ndiyo maana tumebaki na utamu wa hadithi bila masharti yake. Anayeandika kumbukumbu ya chakula, dawa au mti wa kwao, na aandike pia ni wapi, kwa nani, na mpaka wa ujuzi huo ni upi.

Kwa vijana wetu wa Ulaya na Marekani nasema: msichume uyoga wa mwituni mkaula kwa sababu ya bibi yeyote, awe wangu au wenu. Mwenye hamu na ajifunze kwa wajuzi wa ardhi anayoikanyaga, miaka si siku, na asile kitu ambacho mjuzi hajakishika. Aliyekwisha kula akaingiwa na shaka, asingoje maumivu. Aende hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga mkononi.

Makala ya zamani nimeiondoa. Nitaiandika upya, nikianza na majina ya wanawake wale, kadiri nitakavyoyapata kwa wazee waliobaki Tabora. Mjukuu wangu ameomba awe karani wangu katika kazi hiyo. Swali lake la kwanza lilikuwa lile la bibi yake: nani alimwonyesha nani?