Lugha iliyofichwa

Katika mchezo wake Migritude, Shailja Patel wa Kenya anasimama jukwaani peke yake na sanduku la sari alizowekewa na mama yake. Sari zinafungua habari za uhamaji, hata za Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972.

Sisi wa Kasapa tuna masanduku yetu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga. Familia zililala stesheni ya Likasi zikingoja treni. Mama yangu, mtoto wakati ule, alikatazwa kusema Ciluba njiani. Leo ninachambua toni za Ciluba darasani, lakini kwa nkambo wangu naishia salamu.

Tukiandika kwamba lugha “imepotea”, tunamsahau mtoto aliyefundishwa kuiogopa. Kabla ya kuhesabu wasemaji, tuulize nani aliwanyamazisha.