*TAMKO LA TAWI: TUNATAKA SHERIA YA VYOMBO VYA UMEME, SIYO HURUMA YA BAJETI*

Ndugu wanachama,

Mjadala wa pikipiki na bajaji za umeme umekuwa mrefu kwenye grupu letu, na kila kijiwe kina maneno yake. Msimamo wa Kamati ya Utendaji ya Tawi ni huu: Bunge litunge sheria ya vyombo vya umeme na vituo vya kuchajia. Punguzo la kodi linaloingia kwenye Sheria ya Fedha Juni hii linaweza kutolewa Juni ijayo. Hakuna mtu makini anayejenga kituo cha miaka kumi kwa ahadi ya mwaka mmoja.

*Tuanze na hesabu.* Bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku hutumia kama lita mbili na nusu za petroli. Tukiweka lita moja kwa 2,800, hiyo ni shilingi 7,000. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo hula kama yuniti 4. Kwa Luku ya kawaida, ambapo 10,000 inatoa yuniti 28, ni kama shilingi 1,430. Tofauti ni 5,570 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni *144,820*. Hiyo ni kodi ya chumba na ada ya mtoto, na sasa hivi inatokea kwenye bomba la moshi.

Kwa nini basi vijiwe vyetu bado vinanuka petroli? Kwanza, betri ni ghali. Pili, mahali pa kuchajia ni pa kutafuta. Tatu ni mtego ambao wengi hawajauona. Familia zetu nyingi ziko kwenye kundi la D1: yuniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kabla ya makato, na ukizidisha, kila yuniti ya ziada ni 350. Pikipiki peke yake itakula yuniti 104 kabla hata taa ya sebuleni haijawashwa. Kijana anaokoa barabarani, nyumba nzima inapoteza umeme wa bei nafuu.

*Majirani wameshaanza.* Rwanda ilipitisha mkakati wake Aprili 2021: kodi ikaondolewa kwenye vyombo, betri na vifaa vya kuchajia, na ardhi ya serikali ikaruhusiwa kutumika kwa vituo bila kodi ya pango. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi Kigali kama si ya umeme. Kenya mwaka 2023 iliweka bei maalum ya kuchajia: shilingi 16 za Kenya kwa yuniti, na 8 saa ambazo matumizi ya umeme ni madogo. Sisi tuna Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115, na usiku viwanda vingi vimelala. Umeme huo uuzwe kwa vijana wetu wakati wamelala.

*Tunataka sheria iseme haya:*

1. Nafuu ya kodi kwa vyombo, betri na vipuri idumu miaka isiyopungua mitano, iandikwe na tarehe ya mwisho.
2. Iwepo bei ya kuchajia yenye mita yake, isiyogusa D1 ya nyumbani, na usiku iwe chini zaidi.
3. Kila stendi, soko na kituo kipya cha mafuta kitengewe sehemu ya kuchajia.
4. Betri za kubadilishana ziwe za kiwango kimoja. Betri ikiwa ya kampuni, na kampuni ikifunga kituo, dereva hubaki na chuma. Huyo ametoka kwa tajiri wa pikipiki akaingia kwa tajiri wa betri.
5. Mafundi wetu wafundishwe VETA kabla kazi haijawakimbia.

*Kuna hoja mbili nzito zilizotolewa dhidi yetu.* Mafundi na wauza petroli wa chupa wanasema tunawanyima mkate. Hofu yao ni ya kweli, ndiyo maana kipengele cha tano kipo na hatutakubali kifutwe. Ya pili ni barabara. Mfuko wa Barabara unategemea tozo ya mafuta, na mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa, mzigo ukahamishiwa kwenye mafuta. Maana yake asiyenunua petroli anapita bure. Hilo halitadumu, na tusidanganyane. Tunapendekeza sheria iseme mapema: miaka mitano ya nafuu, kisha ada ndogo kwa uzito wa chombo. Bora kodi unayoijua leo kuliko ya kushtukizwa baada ya kukopa.

Wanaosema umeme ni wa matajiri wanafikiria magari. Sisi tunazungumzia magurudumu mawili na matatu, yaani nusu ya tawi hili.

Ajenda hii itajadiliwa kwenye Mkutano Mkuu wa Tawi Jumapili hii saa 10 jioni, kisha ipelekwe Kata na Wilaya ili imfikie Mbunge kabla ya bajeti. Mwenye hesabu tofauti aje nayo kwenye karatasi. Madereva, njooni na matumizi yenu ya wiki moja. Namba zenu zitasikika kuliko makofi yetu.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji